Uzinduzi wa Chuo cha Nyuma ya Pazia

(Hotuba ya Mheshimiwa Abdiwahab Rage, Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Vipaji Visivyoonekana, Ukanda wa Kaskazini Mashariki, aliyoitoa uwanjani nje kidogo ya mji wa Garissa. Imenakiliwa na karani wake, aliyeagizwa asiache kitu.)

Bismillahi rahmani rahim. Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mgeni wetu wa heshima, ambaye ametuma salamu pamoja na kiti chake, mashekhe wetu, wazee wa baraza, machifu, manaibu wa machifu na wale wanaokaimu unaibu wa machifu, wakurugenzi wenzangu, hasa mlionitangulia mezani, maafisa wa usalama, hooyo zetu, mama zetu mlioletwa na lori kutoka Sangailu, vijana, viongozi wa kesho, mimi nikiwa bado wa leo, mabibi na mabwana, itifaki yote ikiwa imezingatiwa isipokuwa ile ya maji ya kunywa, hamjambo? (Hatujambo, kwa sauti ya watu waliokaa juani tangu asubuhi.)

Ni fahari kubwa kwangu binafsi, na kwa familia yangu, ambayo kwa bahati nzuri ndiyo bodi ya chuo, kusimama mbele ya jengo hili la ghorofa mbili mnaloliona nyuma yangu na kutangaza rasmi, baada ya kushauriana na stekiholda wote waliokuwa ofisini kwangu siku hiyo, kwamba kuanzia sasa mtoto wa mfugaji hatalazimika kwenda Nairobi kujifunza kuwasha taa za jukwaa, kupima sauti, kushona mavazi ya waigizaji, kujenga mandhari na kuvuta pazia kwa wakati wake. (Makofi.) Utafiti wetu, tulioufanyia hotelini Naivasha kwa sababu ya utulivu, umeonyesha kwamba kwa kila mwigizaji mmoja anayeonekana mbele, wako watu tisa nyuma ambao hakuna anayewajua. Sisi tumelenga hao tisa. Yule mmoja tutamtafuta katika feizi ya pili.

Wapo waliouliza, tena kwa nia mbaya, mbona hatuwaoni walimu. Jamani, hawa ni wataalamu wa nyuma ya pazia! Ukimwona, ujue hajui kazi. (Kicheko. Mheshimiwa anangoja kiishe, kisha anacheka peke yake.)

(Upepo unavuma. Maktaba inatikisika. Mbuzi anatoa kichwa chini ya ukuta wa chumba cha sauti.)

Msishtuke. Hilo ni jengo la kisasa, linapumua. Na huyo mbuzi ana kibali.

(Bi Maka, mama mzee wa Sangailu, anasimama: "Mheshimiwa, nyumba hii inahama lini?" Kina mama wanaangua kicheko.)

Nimemsikia hooyo, na ninamwelewa. Ninyi nyumba mnaisimamisha asubuhi kwa miti na mikeka, na malisho yakiisha mnaifungua, mnampakia ngamia, mnaondoka nayo, kwa hiyo mkiona nyumba yoyote kitu cha kwanza mnaangalia kamba. Lakini hili, hooyo, ni jengo la kudumu. Halihami! (Bi Maka anaangalia kamba.)

Sasa nije kwa binti huyu aliyesimama mbele na godoro lake. Anaitwa Hawo Deeq, mwanafunzi wetu wa kwanza, na kwa sasa wa pekee, sawa na asilimia mia moja ya usajili. Hawo alikuwa ameshaitwa chuo cha ualimu, lakini siku niliyofika shuleni kwao nikazungumzia taa za jukwaa, alitupilia mbali nafasi ile na—

(Hawo: "Sijatupa, adeer, ami yangu. Wananingoja mpaka saa kumi leo, halafu wanampa mtu mwingine. Baba amesema nichague moja. Mimi napenda hii ya taa, wallahi naipenda, hata usingizi sipati. Niambie kweli tu: mlango iko wapi, niingize godoro?")

Swali zuri sana, mwanangu, na ningependa kulijibu kwa upana. Mlango umo katika mpango mkakati, na kamati ndogo ya milango itakutana robo ijayo ya mwaka. Usiende, Hawo. Wenzetu wa ualimu wana madarasa, nakubali. Wana mabweni, wana hata walimu. Lakini je, wana maono? (Upepo mkali. Ghorofa ya pili inainama kuelekea meza kuu.) Hawo, mwanangu, hebu pita huko nyuma na godoro lako, ushike ile kamba ya mwisho. Ivute! Hapo hapo! Mabibi na mabwana, hata utepe haujakatwa, na mwanafunzi ameshaanza mafunzo ya vitendo!

(Makofi. Sauti ya Hawo kutoka nyuma: "Adeer, huku hakuna kitu!")

Anazoea, msijali.

Nikisema Pazia, mnasema Juu! Pazia! (Juu.) Taa! (Juu.) Mkurugenzi! (Mtu mmoja tu, wa bodi: Juu.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru fundi Abdirizak na vijana wake, waliochora jengo hili kwenye turubai kwa ustadi mpaka juzi mimi mwenyewe nilitafuta ofisi yangu humo. Namshukuru mwenye lori, aliyekubali kulikunja kabla ya magharibi, kwa kuwa kesho kutwa tunalizindua Kutulo kama hospitali, na wiki ijayo Eldas kama soko la mifugo lenye paa. Na kwa namna ya pekee namshukuru binti yetu Hawo, aliyekishikilia chuo hiki kwa mikono yake miwili hadi sasa. Saa tisa imeshapita, hiyo saa kumi yao haiwahiki tena, ya ualimu tuyasahau, tutakwenda naye Kutulo akatushikie hospitali. Mpigieni makofi! Hawo? Hawo, hiyo kamba, mwanangu—

(Chuo kinalala taratibu juu ya meza kuu. Nyuma yake ni uwanja mtupu na mbuzi. Kina mama wa Sangailu wanainuka bila kuambiwa na kuanza kukunja turubai kwa mazoea. Mheshimiwa anasikika akiongea chini yake. Hawo yuko barabarani, godoro kichwani, macho mekundu, amesimamisha bodaboda: "Chuo ya ualimu, walaal, ndugu yangu. Kimbia, wanafunga saa kumi!")