Watu wa Theluji wa Karani Ajwang

Jumatatu, 9 Desemba 1957. Ruiru.
Leo memsahib, mke wa meneja wa shamba hili la kahawa, ametuingilia ofisini na picha iliyokatwa gazetini. Mtu mnene mweupe. Mipira mitatu imepandana, pua ya karoti, skafu shingoni, miguu hana. Eti mtu wa theluji. Anataka kumi na wawili wa kupamba ukumbi kwa sikukuu ya watoto wa wafanyakazi, watengenezwe kwa vitu vya kawaida tu: karatasi, pamba, unga. Akauliza nani anaweza. Nikainua mkono kabla hajamaliza. Nikasema theluji naifahamu. Sikusema kwamba niliiona asubuhi moja tu, kwenye kilele cha Kirinyaga, nikiwa hapa hapa Ruiru, ukubwa wa ukucha.

Sababu ninayo. Nyumba ya mawe ya fundi aliyehamishwa iko wazi. Vyumba viwili, mlango wa kufuli. Meneja ataitoa kabla ya Krismasi, na humsikiliza mkewe. Mimi nalala chumba kimoja na Muthoka, dereva wa trekta, gunia limening'inia katikati. Mke wangu Wilkister yuko kwetu Yala mwaka wa tatu. Ameapa hatakuja kulala nyuma ya gunia.

Kagwe, karani mwenzangu, naye ameiomba nyumba hiyo. Ana watoto wanne katika chumba kimoja. Lakini wingi wa watoto si sifa ya ukarani. Akasema polepole kwamba naye angejaribu. Memsahib akagawa: sita kwake, sita kwangu. Mtu huyu hawezi kuniachia hata theluji.

Jumanne, 10 Desemba.
Nimekwenda Thika. Kagwe hawezi, kwa sababu siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu hatoki hapa bila kibali, na ombi lake halijajibiwa. Akaniomba nimnunulie utepe mwekundu wa skafu. Nikanunua wangu. Yeye nikamwambia umekwisha dukani. Akanishukuru kwa kujaribu. Sipendi mtu anayeshukuru hovyo.

Pamba haikupatikana. Hospitali ya shamba, Ngina mtunza dawa amesema pamba yake ni ya vidonda.

Nimemwandikia Wilkister kwamba nyumba nimepata, aje na Jared wetu. Barua huchukua siku. Itakapomfikia, nyumba itakuwa yangu kweli.

Jumatano, 11 Desemba.
Pamba ilikuwa karibu yangu muda wote. Mto wa Muthoka. Mama yake, Mukonyo, aliilima mwenyewe kule Machakos na kuushona. Muthoka alipokwenda kulima nikaufumua, nikajaza makapi ya kahawa, nikashona. Kwa nje huwezi kujua.

Mipira nimefinyanga kwa magazeti yaliyolowekwa na gundi ya uji wa ngano. Pamba juu. Macho buni mbili. Karoti za kweli. Wazuri mno.

Ijumaa, 13 Desemba.
Panya. Wamekula pua tano na tumbo moja. Ni ule uji wa ngano. Muthoka naye analalamika shingo inamwasha. Nimemwambia ni joto.

Nimepata dawa. Stoo kuna mrututu, dawa ya ukungu ya kunyunyizia mibuni. Hakuna panya atakayeula. Nimechukua kopo moja bila kumsumbua mwenye stoo, nikachanganya na gundi mpya, nikawapaka wote.

Jumamosi, 14 Desemba.
Wamegeuka buluu. Wote sita. Kama watu waliokufa maji.

Mchana tulipeleka kazi ukumbini, kila mmoja na kikaratasi cha jina lake mbele. Wa Kagwe ni weupe kama meno. Mkewe, Wangeci, ameshona magunia ya unga, akachana kitambaa chake chekundu cha kanisani kuwa skafu. Sikuweza kuwatazama.

Kagwe akaitwa ofisini kuonyesha kipande chake cha utambulisho. Ukumbi ukabaki na mimi. Nikabadilisha vikaratasi. Kazi ya nukta moja.

Jumatatu, 16 Desemba.
Niandike kabla sijapasuka.

Meneja alitangulia kuingia. Akapitisha kidole juu ya wale wa buluu, akakinusa. Akauliza ni nani aliyeiba dawa ya kahawa. Nikasema upesi, "Bwana, jina liko pale. Ni kazi ya Kagwe. Nilimwona kwa macho yangu akiwapaka." Kagwe akainama kukisoma kikaratasi.

Memsahib akaingia. Akasimama mbele ya wale wa buluu. Kisha machozi. Akasema kwao theluji haiwi nyeupe. Jua likizama huwa buluu hivi hivi, na hajaiona tangu amzike mama yake. Aliyewatengeneza ana jicho la ajabu. Meneja akakohoa, akasema kopo moja la dawa si kitu, wawekwe juu watoto wasiwaguse.

Nikasema ni wangu. Nikaapa. Meneja akaniambia chaguo ni moja: ama nilidanganya dakika mbili zilizopita, ama nadanganya sasa. Kagwe mwenyewe akasema, "Memsahib, hawa si wangu. Ni wa Ajwang." Memsahib akamwambia mtu mnyenyekevu namna hii hajapata kumwona.

Nyumba amepewa Kagwe. Muthoka ameijua pamba ya mama yake pale ukumbini. Haongei nami.

Jumamosi, 21 Desemba.
Wilkister ameshuka stesheni na Jared, sanduku, kuku wawili, na pazia alilolishonea dirisha la nyumba ya mawe. Nilimpitisha njia ya mbali. Haikusaidia. Alilitazama gunia, akanitazama mimi, hakuvua viatu.

Wangeci akaja kumsalimu. Akasema wana chumba cha pili, watoto watabanana, mgeni halali nyuma ya gunia. Sasa mke wangu analala nyumba ya mawe. Mimi nipo hapa, namsikiliza Muthoka akijikuna.

Jumanne, 24 Desemba.
Karani wa stoo anastaafu Januari. Kazi ina mshahara mzuri na nyumba yake. Maombi ni kwa barua ya Kiingereza. Kagwe amekuja kuniomba nimwandikie yake, kwa kuwa Kiingereza changu kinapita chake. Hana kinyongo. Ndiyo maana hatafika mbali.

Nimemweleza Wilkister jinsi sentensi moja tu, ikiwekwa mahali pake, inavyoweza kumwangusha mtu. Alikuwa akimchana Jared. Akasema bila kugeuka, "Baba Jared, andika barua yako kwanza."

Wanawake hawaelewi mambo haya.

Nimeanza na ya Kagwe.