Jogoo Juu ya Kaburi la Baba

Leo nimeaibika. Tena makaburini, mbele ya ukoo mzima, kwenye maombi ya arobaini ya marehemu baba yangu.

Baba alikuwa mwindaji kule Kongwa. Aliacha mbwa mmoja, Jemedari, na tangu mazishi naishi naye kwangu mjini, Kikuyu. (Yeye analala kwenye kochi, mimi naomba nafasi.) Ana mambo yake. Watu wakichuchumaa na kunyamaza, kwake mawindo yameanza, anatoweka. Akikamata mnyama hamuui, maana baba alimfundisha kwamba kibudu hakiliwi. Anamleta akiwa hai, anamweka mbele ya bwana wake, kisha anakaa kusubiri fungu lake.

Baba mdogo hamtaki kabisa. Leo tulipofika Kongwa, alikuja na rungu. "Huyo atamaliza kuku wa watu. Akigusa hata mmoja leo, namuua."

Nikatoa kifua mbele. "Baba mdogo, huyu siku hizi ni mbwa wa mjini. Akiona kuku, anampisha njia!"

Tukafika kaburini. Katekista akasema tuombe. Watu wote wakachuchumaa, wakafumba macho, kimya. (Na mimi ninayemjua mbwa wangu nikafumba. Akili hizi!)

Nilipochungulia, Jemedari hayupo. Mara huyo anarudi, jogoo mwekundu wa baba mdogo mdomoni! Akanipita bila hata kunitazama. Akamweka jogoo juu ya kaburi, akakaa.

Nikaruka nimuwahi kabla ya amina. Nikateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye udongo wa baba, jogoo nimemkumbatia. Akawika!

"Amina," watu wakasema, wakafumbua macho.

"Yesu wangu!" shangazi akapiga kelele. "Mtoto anaiba kuku kwenye kaburi la baba yake!"

Mbwa katulia kama mzee wa kanisa. Baba mdogo akainua rungu, akatuangalia mmoja mmoja. Nikaogopa kweli. Huyu mbwa ndiye kitu cha mwisho cha baba nilicho nacho.

"Ni mimi, baba mdogo," nikasema. "Nimemkamata mimi." (Nimevaa suti. Nina manyoya mdomoni.)

Baba mdogo alikuwa anamtazama Jemedari, na Jemedari anatazama msalaba, masikio juu, anangoja.

"Anamsubiri kaka yangu ampe fungu lake," baba mdogo akasema. Akaliweka rungu chini. Tukalia upya, kama siku ya kwanza, mimi nikiwa bado nimeshika jogoo.

Jogoo alichinjwa. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyempa Jemedari kichwa na utumbo, palepale pembeni ya kaburi.

Nimerudi naye Kikuyu jioni hii. Kule Kongwa sasa naitwa Mwizi wa Kuku. Basi, chekeni tu, ila chekeni kwa sauti. Mkinyamaza, huyu anaondoka tena.