Swichi Chini ya Meza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ijumaa ni jioni yetu ya kusoma pale baani. Kila mwezi tunasoma, lakini safari hii si mchezo. Mama anatimiza mwaka tangu atutoke, na Dada ameahidi kuja kusikiliza. Hajawahi kukanyaga baa maishani mwake. Anakuja kwa ajili ya Mama.

Nimeandika kurasa saba. Zina uzito. Nilipozisoma mbele ya kioo ilibidi nisimame katikati kwa kujiheshimu.

Tatizo ni shemeji. Mume wa Dada huyo, muuza dawa, mtu aliyepewa sauti ambayo kwa haki ilikuwa yangu. Msibani walimpa yeye asome wasifu wa Mama. Mama yangu mimi! Mimi niliambiwa nishughulikie viti. Nilivishughulikia.

Leo nimepita baani nikakuta amejiandikisha ubaoni, nafasi ya mwisho kabisa, na pembeni ameandika atasoma nini: Mama Mkwe. Nafasi ya mwisho ndiyo nafasi. Msomaji wa mwisho ndiye watu wanayeondoka naye kichwani. Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimetoroka masijala saa za kazi. Majalada hayaendi popote.

Mwenye baa ni mjane wa maneno machache. Tunamwita Kamanda kwa sababu hajawahi kurudia agizo. Nilimkuta anafuta meza. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba shemeji ana zamu ya usiku pale famasi, itabidi asome mapema. Uongo, lakini mdogo. Kamanda akafuta ubao kwa kitambaa kile kile cha meza, akaniweka mimi wa mwisho na shemeji kabla yangu. Nilitaka awe wa kwanza. Akasema wa kwanza ni seremala siku zote, maana seremala akipata chupa moja tu husinzia.

Si haba. Lakini shemeji akisoma kabla yangu atawachosha machozi yote, mimi nitakuta macho makavu. Lazima akatishwe.

Kwa wale watakaosoma shajara hii nikishafariki, nieleze habari ya friji. Kamanda ana friji kuukuu la bia, linakoroma kama mjomba aliyeshiba. Msomaji akianza, Kamanda huchomoa plagi ili tusikie. Bia zinaanza kupata joto. Msomaji akiwa mzuri hakuna anayejali bia. Akivuta maneno, Kamanda huinama, anachomeka plagi, friji linanguruma, na huyo msomaji amekwisha. Hakuna anayegombezwa. Mimi limenimaliza mara kadhaa. Nadhani linanichukia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata wazo nikiwa nagonga mihuri. Nimegonga mhuri mmoja kwenye kidole.

Nimepita kwa fundi umeme, nikanunua ekstensheni yenye swichi ya kukanyaga. Jioni nimempelekea Kamanda kama zawadi kwa ajili ya jioni zetu za fasihi. Nikamwambia mgongo wake ni hazina ya mtaa, haifai ainame kila mara kutafuta soketi. Yeye aniashirie tu kwa kichwa, mimi nitakanyaga. Akanitazama sana. Akauliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni moyo mwema tu. Akakubali.

Swichi imeishia chini ya meza ya pembeni, kando ya friji. Kuanzia leo hiyo ndiyo meza yangu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda kufanya majaribio. Nakanyaga, linanguruma. Nakanyaga, kimya. Nilijisikia mtu mwenye cheo.

Nikiwa hapo Dada akanipigia simu. Anauliza baani watu huvaa nini. Nikamwambia avae kama anakwenda matanga. Akacheka kidogo. Kisha akasema shemeji halali, anaandika na kuchana, anaandika na kuchana, na kwamba yeye anatuomba mimi na shemeji jambo moja tu: tusimgombanie Mama. Alitugombania vya kutosha yeye alipokuwa hai. Nikaapa. Nilikuwa nimesimama juu ya swichi wakati naapa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi, asubuhi

Nimepiga pasi suruali mara mbili. Kurasa saba ziko mfukoni. Leo Dada atajua ni nani aliyempenda Mama.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sikulala vizuri. Naandika kwa utaratibu ili ukweli usije ukapotoshwa na wengine.

Seremala alisoma kuhusu mlango uliokataa kufunga. Muuguzi wa zahanati akasoma shairi fupi, watu wakagonga meza. Kamanda aliniashiria, nikazima, nikawasha, kazi safi. Dada alikuwa meza ya mbele, mkoba mapajani, ameshika soda kwa mikono miwili.

Akaja shemeji. Amevaa shati lile lile la msibani. Karatasi moja tu mkononi. Alianza kwa kusema mama mkwe wake alikuwa hampendi hata kidogo, na kwamba alikuwa na sababu nzuri. Watu wakacheka. Dada akacheka. Nikaona hatari hiyo inakuja. Nikakanyaga.

Friji likaamka. Wote wakamgeukia Kamanda. Kamanda alikuwa kaunta, mikono imezama kwenye beseni la glasi, hajaashiria chochote. Akalitazama friji. Kisha akaufuata waya kwa macho, taratibu, kutoka kwenye friji, chini ya viti, mpaka kwenye kiatu changu.

Nilitegemea shemeji ataketi. Mtu mwenye adabu angeketi. Yeye aliomba radhi kwa kupitiliza muda, akabeba kiti mpaka kwenye meza ya Dada, akakaa, akaendelea kwa sauti ya chini. Watu wakasogeza viti vyao. Seremala akaamka, akasogea. Hata wale wacheza karata wa kule nyuma, ambao hawajui fasihi ni nini, waliacha karata mezani wakaenda kusimama pale na chupa zao. Mimi nikabaki peke yangu na friji.

Sikusikia neno. Niliona midomo tu. Nilimwona Dada anacheka ameshika tumbo, kama alivyokuwa akicheka zamani Mama alipowaigiza majirani. Kisha nikamwona ameacha kucheka. Kisha shemeji akasema kitu, na vichwa vyote vikageuka kunitazama mimi, na hakuna hata mmoja aliyenitazama vibaya. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ningeweza kuzima. Mguu ulikuwa pale pale. Kukanyaga mara moja tu, ningesikia yanayosemwa juu ya Mama. Lakini Kamanda alikuwa ameshika kiuno ananiangalia, na kuzima kungekuwa kukiri kwamba niliwasha. Nikajitia hamnazo. Nikasoma karatasi ya chupa, mpaka jina la mji wanakotengenezea vizibo. Nililia kidogo pia. Kwa kelele ile hakuna aliyesikia.

Shemeji alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Walimshika bega tu, mmoja mmoja.

Zamu yangu. Kamanda akaja mwenyewe kuzima. Akasema kweli hii swichi ni kitu cha maana, mgongo haumuumi hata kidogo. Akaketi kwenye kiti changu.

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza, kuzaliwa kwangu. Wa pili, shule na wivu wa wenzangu. Wa tatu, jinsi nilivyoingia masijala. Kimya kilikuwa kikubwa, nikajua nimewashika. Wa nne, friji likanguruma. Nikamtazama Kamanda. Amekunja mikono, mguu mmoja mbele. Mama alikuwa anaingia ukurasa wa sita.

Nilimaliza kwa kupiga kelele. Makofi yalikuwa ya kistaarabu. Nje, Dada alinishika mkono akaniuliza kwa upole Mama alikuwa ukurasa gani, maana pengine ilimpita. Nikamwambia Mama yumo kote. Akaitikia. Akasema inasikitisha nilikaa mbali, sikumsikia shemeji. Nikasema nilisikia kila neno. Akanitazama, akasema haya, mdogo wangu, vizuri.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Shemeji amekuja. Ameniletea pipi za koo, ati nilijitahidi sana juzi. Tukakaa barazani. Habari ya waya hakuigusa. Ama hajui, ama ni mtu mwenye roho mbaya ya kusamehe.

Akasema aliniona nimekaa kule kwenye friji, akawa na wasiwasi sikusikia vizuri. Karatasi anayo. Niliiona ncha yake mfukoni mwa shati. Akasema angependa kunisomea, sisi wawili tu, kwa kuwa mengi yaliyomo yananihusu. Nikamwambia nilisikia yote. Akaniuliza nilipenda wapi zaidi. Nikasema mwisho. Akasema mwisho, pale pa redio. Nikasema hapo hapo, pa redio.

Kisha, kama vile anajikumbusha mwenyewe, akasema Mama alimweleza jambo lile hospitali, wiki ya mwisho, wakati shemeji anamkanda miguu. Kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa nikijifungia chumbani kulia, na Mama alikuwa anaongeza sauti ya redio ili Dada asinisikie akanicheka. Majirani walidhani anapenda sana taarifa ya habari. Alikuwa haelewi hata nusu yake.

Nikamwambia redio ile ilikuwa mbovu. Ilikuwa haina sauti ndogo.

Shemeji akacheka, akajifuta uso kwa kiganja. Akagusa mfuko, akauliza tena kama anisomee yaliyobaki. Yako mengine. Kuna mambo Mama aliyasema juu yangu, yako kwenye karatasi, kwenye mfuko wa shati la muuza dawa. Nilitaka sana kuyasikia. Nikamwambia nina majalada ya kupanga. Jumapili! Akasema sawa, shemeji, siku ukitaka njoo nyumbani, mlango unaujua. Akaenda. Nikasimama barazani mpaka akakata kona. Pipi nimekula zote.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu, kama mtu mzima. Mpango wangu haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa waya. Ulikuwa mfupi mno, ukanilazimisha kukaa nyuma.

Mchana nimekwenda kwa Kamanda. Amenirudishia ekstensheni yangu imekunjwa vizuri, hakusema kitu. Nimechukulia kama baraka. Nikamweleza kwamba mtaa mzima unataka shemeji arudie kusoma mwezi ujao, wengine wamenisimamisha njiani. Hakuna aliyenisimamisha. Nimeandika jina lake ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, nafasi ya mwisho. Kamanda akasoma, akanitazama, akanimiminia soda bila kuombwa.

Kisha nimepitia kwa fundi umeme. Amenipimia waya mrefu, unatoka kwenye friji, unazunguka ukuta, unafika hadi meza ya mbele. Safari hii nitakaa kando ya Dada, goti kwa goti na shemeji, nisikie kila kitu tangu mwanzo. Na akifika pale pa redio nitakanyaga, friji lingurume, nilie bila mtu kunisikia. Kamanda nitamwambia mguu uliteleza.

Kweli, Dada anakaa mtaa wa pili tu, na shemeji amesema mlango uko wazi. Nimelifikiria hilo. Lakini friji lao ni jipya, halina sauti yoyote.