Toroli la Babu na Dirisha la Juu

Twalib, Faraji, leo nimeumbuka, na nyinyi hampo hata wa kunificha.

Mwalimu Kazungu wa historia mwamjua. Alisema kila mmoja wetu wa darasa la nane alitembeze darasa mtaani kwake, aeleze mtaa ulianzaje na nyumba zake zimejengwaje. Atakayeshinda ataenda Mombasa siku mbili, kwenye maonyesho ya shule. Mombasa! Huko huko mliko, wasaliti wawili. Sijawahi kutaka kitu namna ile. (Hata baiskeli sikuililia hivyo.)

Basi asubuhi nikaanza, na wallahi nilikuwa mtamu. Nikawaeleza kuwa mtaa wetu haukufuata msikiti wala kisima, ulifuata reli ya toroli, lile gari dogo lililosukumwa na watu kutoka gatini. Wenye uwezo walichoka kubanana mjini, wakaja kujenga kando ya reli. Ndiyo maana nyumba zote zimeipa reli uso, na baraza zina kimo cha kiti cha toroli: tajiri alihamia barazani bila kukanyaga mchanga. Leo reli imekwisha. Vipande vyake ndivyo vizingiti vyetu na nguzo za kuanikia nguo.

Mwalimu akawa anaandika. Anaandika! Nikaiona Mombasa ile pale. Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Nikasema toroli la kwanza lilikuwa la babu yangu, akipanda na mwavuli wake, watu wawili nyuma wakimsukuma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yenu, Twalib. Nikaonyesha kuta za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, na madirisha ya juu ambayo aliye ndani huiona njia nzima naye haonekani. Nikaeleza kuwa mlango wa mbele ni wa wanaume, na wa nyuma, kule uchochoroni, ni wa wanawake. Nikasema nyumba ni tupu tangu mhamie Mombasa. Kisha, kwa kuwa sina akili, nikapiga hodi, nikajijibu kwa sauti ya bibi yako, ile ya puani: "Nani huyo anichafulia baraza?"

Darasa likavunjika mbavu.

Dirisha la juu likajibu, "Ni wewe."

Bibi Zena! Yumo tangu Ijumaa, aliingia kwa mlango wa nyuma. Wanawake wa mtaa mzima wanajua. Lakini kwetu, tangu mama atutoke na dada aolewe Takaungu, tumebaki mimi na baba, na habari za mlango wa nyuma hazitufikii. (Twalib, kalamu huna ya kuniarifu kwamba bibi yako karudi?)

Mwalimu akamwamkia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Babu yake huyo namjua. Alikuwa nyuma, upande wa kushoto. Akisukuma vizuri, tena hakuwa mwongo."

Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Hilo ningelivumilia. Lakini bibi yako hakuwa amemaliza. Akasimulia kwamba kila jioni naja pale barazani na ubao wa dama na vifuniko vya soda, nacheza peke yangu pande zote mbili, na upande wa pili naupa majina.

"Jana kamgombeza Twalib kwa kumwibia kete," akasema. "Na Twalib yuko Mombasa."

Hapo hakucheka mtu. Afadhali wangecheka. Hata Rehema, ambaye hucheka mtu akipiga chafya, aliangalia viatu vyake.

Mombasa anakwenda Rehema. Mtaa wake una kisima na mkwaju, basi, ila hakumpandisha babu yake kwenye chochote.

Jioni niliapa sitakwenda. Nikaenda. Nikapanga vifuniko kimya kimya, kama mwizi.

"Wewe wa toroli," likasema dirisha. "Leo nani yuko upande wa pili?"

Nikapanga upya kifuniko kilichokuwa kimekaa sawa.

"Basi nisogezee ile ya pembeni."

Nimefungwa mara tatu na mtu ambaye tangu arudi hata uso wake sijauona. Twalib, nafasi yako imeshachukuliwa. Anacheza kukushinda, na haibi, maana kete zote nazisogeza mimi.

Msicheke. Na mkishindwa kujizuia, basi chekeni kwa barua.