Mtaro wa Bi Zamzam na Sentensi Moja Laini

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe; wenyeviti wa mitaa, viongozi wa dini zote, wafanyabiashara wa Kariakoo, na ninyi mliopanda juu ya makreti huko nyuma, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya walioahidiwa soda.)

Nasimama mbele yenu kama Mkurugenzi wa Kitengo cha Uboreshaji wa Malalamiko, kitengo nilichokibuni, nikakiongoza na kukitathmini mwenyewe, nikajipa asilimia tisini na nane kwa unyenyekevu tu. (Vicheko.) Upembuzi yakinifu umebaini kwamba mnalalamika kwa sentensi fupifupi, zinazorukaruka kama dagaa kikaangoni! Bi Zamzam, muuza vitenge wa kona hii, aliniandikia: "Mtaro umeziba. Mvua zimeanza. Maji yanaingia dukani. Njooni." Jamani, ndiyo lugha ya kumwandikia kiongozi hiyo? (Bi Zamzam: "Vitenge vinalowa, baba!") Mmemsikia? Kaongeza nyingine!

Basi kamati yangu ikajifungia hotelini Kivukoni, kwa posho stahiki, ikatoka na sentensi moja laini kama samli: "Kwa kuwa mvua zimeanza, ilhali mtaro, ambao umeziba, unasababisha maji, ambayo kimsingi ni uhai, kuingia dukani, inapendekezwa kwamba wahusika, endapo itawapendeza, waje." (Radi.)

Hata Rajabu, muuza soksi, tumempa semina elekezi aache ule ushamba wa kunadi soksi za elfu moja kwa "Buku! Buku! Chagua!", badala yake amweleze mteja kwa utulivu kuhusu soksi hizi, ambazo... (Rajabu: "Nikifika kwenye 'ambazo', mteja keshafika mtaa wa Gerezani!" Vicheko. Mvua inaanza.) Msikimbie, nina takwimu!

(Bi Zamzam: "Mtaro unazibuliwa lini?") Mama, usiwe na haraka, mchakato uko hatua nzuri. Sentensi ndefu! (Watu wawili: "Oyee!") Nukta! ("Zii!")

Kwa kumalizia, namshukuru sana katibu wangu Nassibu, aliyenishauri kwamba koleo na vibarua ni gharama zisizo na tija, kwa kuwa mradi wa mtaro ndio hiyo sentensi mliyosomewa, na mwingine haujawahi kuwepo, wala bajeti yake, ambayo kwa masikitiko ilimalizikia hotelini, haita... (Maji yanapanda jukwaani.)

Eh! Maji! Kiatu changu! Kinaenda! Nashikwa na umeme mie! Zimeni spika! Njooni!

(Bi Zamzam, robota la vitenge kichwani: "Ziunganishe kwanza hizo sentensi, mheshimiwa.")