Magenge Mawili na Gofu Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Shemeji kaja kula kwetu tena. Kaja na filimbi shingoni. Mtu mzima, mezani, na filimbi! Ndiyo maana nimeacha kumwita kwa jina lake; namwita Filimbi. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, na kazi yake ni kuwatembeza watu kwenye njia ya pwani: juu ya magenge, chini ufukweni, hadi kwenye gofu la ngome ya kale. Watu wana miguu yao wenyewe, bado wanamlipa awaonyeshe pa kuiweka. Dunia haikosi wajinga.

Katangaza anatafuta msaidizi wa kumbebea madumu ya maji. Akanitazama. Mke wangu naye akanitazama. Tangu niachane na duka la rangi (tulitofautiana na tajiri kuhusu usingizi), nyumba hii ina macho mengi kuliko viti. Mke kasema wazi: Jumapili ikifika sina kazi, Jumatatu nabeba maji ya kaka yake. Mimi! Nitembee nyuma ya Filimbi na dumu begani! Afadhali nimeze filimbi yenyewe.

Nimeamua. Nitakuwa kiongozi wa matembezi. Kama yeye anaweza, hata mbuzi anaweza.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kukagua njia. Upuuzi! Inapanda genge la kwanza kabla mtu hajavuta pumzi. Nilifika nusu, nikachungulia chini. Nikateremka kwa makalio, mbele ya watoto wa shule.

Sijashindwa. Kiongozi hana haja ya kuijua njia, ana haja ya kuieleza. Nikakaa kivulini nikatunga historia. Filimbi huwaambia wateja kwamba ngome ile ilijengwa na wafanyabiashara ili kuhifadhi ngozi. Ngozi! Nani atoke jasho kwa ajili ya ghala? Mimi nimewapa malkia. Alijirusha kutoka genge la kwanza kwa ajili ya mapenzi, akanusurika, akaenda kujirusha kutoka la pili. Nilitokwa na machozi mwenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo bango. Ubao sina, nikang'oa mlango wa kabati la jikoni. Mchora mabango alitaka kuweka picha ya bahari na ukuta uliobomoka, ati watu waelewe. Nikamwambia Kiswahili kinajitosheleza. Mlango mdogo, maneno machache: MATEMBEZI YA PWANI. MAGENGE MAWILI, GOFU MOJA. JUMAMOSI ASUBUHI. Chini yake namba yangu ya simu. Alicheka peke yake alipokuwa akiandika. Watu wa brashi hawana adabu.

Jioni mke kauliza mlango wa kabati uko wapi. Nimesema umekwenda kutafuta riziki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Simu! Simu tatu!

Wa kwanza daktari wa meno. Aliuliza kama nyasi zimekatwa. Nikasema zimekatwa vizuri (mbuzi hawalali). Akauliza mashimo ni mangapi. Mwoga! Nikasema ni mengi, ila nitamwonyesha moja baada ya jingine. Akafurahi kama aliyeng'oa jino la tajiri. Akasema atakuja na vifaa vyake. Nikasema alete.

Wa pili ni mama mwenye sauti ya kuamrisha. Alitaka kujua magenge yanafunguliwa saa ngapi. Swali la ajabu. Nikamjibu kwa heshima kwamba magenge yangu hayafungwi. Akauliza kama vitu vya huko ni vya leo. Nikamwambia hapana mama, ni vya kale, vya kale kabisa. Akaguna, akasema basi bei itakuwa chini.

Wa tatu, bwana wa sauti nzito. Aliuliza nani anayeongoza hayo magenge. Nikasema ni mimi. Yote mawili? Yote mawili, tena mchana kweupe, simwogopi mtu. Akauliza kama kuna aliyewahi kupoteza maisha. Nikamsimulia habari za malkia. Nikasikia kalamu ikiandika. Msikivu huyo! Mwishoni alinishukuru sana, akasema Jumamosi hatakosa. Nilimuuliza kazi yake, akasema ni mtumishi wa umma.

Filimbi atapasuka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Katikati ya magenge kuna njia panda yenye kibao cha mshale. Kulia ni gofuni. Kushoto ni ufukweni, na bahari ikijaa hakuna pa kutokea. Nilizunguka kwa barabara ya nyuma, kama mtu mwenye akili, nikakigeuza kibao kielekee kushoto. Kesho Filimbi atawapeleka wateja wake wakaoge na viatu. Mimi, ninayejua siri, nitafuata upande ambao mshale hauonyeshi. Mjanja halali!

Nalala sasa, saa mbili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa bado na chumvi masikioni.

Daktari alikuja na mfuko mrefu wa magurudumu uliojaa fimbo za chuma. Mama alikuja na kikapu. Mtumishi wa umma alikuja na viatu vilivyong'aa hata nikajiona sura. Sikuuliza. Wateja wana vituko vyao.

Magurudumu hayapandi miamba. Daktari akanitwika mfuko. Nikapanda genge la kwanza nimefumba macho, fimbo zikinigonga kisogoni. Juu nikanyoosha mkono: hili ndilo genge! Mama akatazama huku na huku, akauliza vitunguu viko wapi. Mwenye viatu akachungulia nyuma ya kila jiwe, akauliza wenzangu wamejificha wapi. Nikawapa malkia haraka haraka. Daktari akauliza malkia gani. Nikasema wa zamani.

Njia panda, mshale ulielekea kulia. Nikatabasamu moyoni: basi sisi kushoto! Kumbe Filimbi alipita alfajiri, akakiona kibao kimepotoka, akakirudisha. Mtu asiyeweza kuacha mambo ya watu!

Tukashuka. Ufukwe mzuri, mweupe, mwembamba. Ukaendelea kuwa mwembamba. Nyuma ukuta wa mwamba, mbele mawimbi. Daktari akapaza sauti: uwanja wa gofu uko wapi? Nikamwambia gofu halina uwanja, lina kuta mbili na popo. Hapo ndipo akaanza kunitukana, tena kwa ufasaha. Mama akapanda jiwe na kikapu chake kitupu, akaanza kusali kwa sauti ili nami nisikie. Mwenye viatu akatoa pingu, akasema yeye ni askari, nami nimekiri kwenye simu kwamba naongoza magenge mawili. Nikamwambia ni kweli lakini ndiyo kwanza nimeanza leo. Haikusaidia. Maji yalinifika magotini, na nasema kweli, niliogopa. Nilimwita mke wangu kwa jina.

Tukasikia filimbi.

Akatokea juu yetu, akashusha kamba, akatutoa mmoja mmoja. Mimi wa mwisho, na mfuko wa daktari. Akakunja kamba yake. Angenigombeza basi! Angenicheka! Akawapeleka wote gofuni, akawasimulia ngozi zake, nao wakasikiliza midomo wazi. Daktari akaona majani mafupi uani, akapiga mipira yake baharini hadi ikaisha. Kasema hajawahi kufurahi hivyo. Wajinga, wote!

Mimi mchana nilikuwa kituoni. Mkuu wa kituo aliagiza kamusi. Akasoma kwa sauti: genge, jabali lenye mteremko mkali. Genge, kundi la wahalifu. Genge, mahali pa kuuzia mboga. Kisha akafungua neno gofu. Mahabusu wote walicheka. Mkuu alijifuta machozi kwa jalada langu. Mke wangu ndiye aliyekuja kunitoa.

Jumapili, 12 Oktoba

Mke hakugomba. Alinikanda goti nililogonga mwambani, akasema yeye na kaka yake wamekulia juu ya magenge yale, ningemuuliza tu angenionyesha kila jiwe. Kisha akakumbuka askari alivyotafuta majambazi nyuma ya mawe, akacheka mpaka akaketi chini. Iliniuma. Anicheke nani, nisiumie? Halafu kicheko chake kizuri, kikanishika nami. Nilijizuia.

Filimbi kaleta mlango wa kabati. Ameufunga mwenyewe, kwa bisibisi yake. Kila nikitaka sahani nasoma MAGENGE MAWILI. Ameniachia madumu mlangoni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimebeba maji. Dumu begani, nyuma ya Filimbi, genge la kwanza. Hapo juu wateja wakamwomba hadithi ya malkia. Eti mama wa kikapu kaitangaza mjini kote. Naye akawasimulia! Malkia wangu! Tena kamuua vibaya, genge la kwanza tu. Nikasahihisha, akapuliza filimbi.

Lakini mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Kosa langu nimeliona: nilitumia maneno magumu kwa watu wazito. Jioni hii, mke akiwa kwa jirani, nimeng'oa mlango wa pili wa kabati nikampelekea mchora mabango. Safari hii neno moja, jepesi, la kila siku, ambalo hata daktari wa meno hawezi kulipotosha: NJOO TUPANDE! JUMAMOSI ASUBUHI. Mchora mabango kacheka tena, akalitundika bango barabarani hapo hapo. Simwelewi yule.

Na simu imeshalia! Bwana mmoja, mpole sana, ameuliza aje na jembe lake au majembe yatakuwepo. Nimemwambia aje na chochote kitakachomsaidia kupanda. Atakuja na jirani zake wote, na miche.

Sijui miche ni ya nini. Lakini nimemwambia aibebe mwenyewe.