Tiki Tisini na Sita za Kijani

Jumanne, 13 Januari 2026

Imekamilika! Fomu ya mtandaoni ya wakulima wa ufuta, kijiji chetu cha Lionja. Nimeitengeneza peke yangu, kwa kompyuta niliyonunua kwa korosho zangu. Hakuna aliyenipeleka chuo. Watu wanajifanya wamesahau hilo.

Hesabu iko hivi. Wakulima 96. Wilayani wanataka majina Ijumaa saa nne asubuhi, yasipofika hakuna mbegu. Yakifika, ukatibu wa kikundi ni wangu! Eustakio, katibu wa sasa, abaki na daftari lake. Yeye mkulima mmoja dakika nne. Mimi sekunde 55. Kwa watu 96 naokoa karibu saa tano!

Mwenyekiti wetu, Bi Mwamina, kauliza matapeli wa simu wakiiba namba za watu itakuwaje. Nilishawaza! Nimeondoa sehemu yote ya kuhifadhi. Fomu inapokea, inakagua, inasahau. Mwizi ataiba nini? Kasema haya mwanangu, we ndo unajua.

Jumatano, 14 Januari

Foleni mpaka ghalani! Namba ya simu ina tarakimu tisa: nyekundu. Jina moja badala ya matatu: nyekundu. Kila kitu sawa: tiki ya kijani, watu wanapiga makofi. Hemedy kala nyekundu mara tatu. Mkewe kamuuliza mbele ya foleni kama jina la babu yake nalo kaliuza na ufuta.

Bibi Koleta, kwenye mwaka wa kuzaliwa, kaniambia niandike mwaka Waingereza walipoleta matrekta ya karanga. Fomu imekataa. Kasema yeye kaikuta dunia kabla ya hiyo fomu, kwa hiyo ikubali tu. Nimeweka 1948. Kijani!

Eustakio kakaa mlangoni, anawaandika walewale daftarini. Nimemuuliza ya nini. Eti mazoea. Nimecheka kwa sauti.

Alhamisi, 15 Januari

Tisini na sita kati ya tisini na sita! Nimemwambia Eustakio aanze kuzoea kulima bila cheo. Kanijibu sawa, mheshimiwa. Wivu mtupu.

Ijumaa, 16 Januari

Saa tatu na dakika arobaini Bi Mwamina kataka orodha. Nimemfungulia fomu. Tupu, safi, tayari kwa mtu wa 97. Kauliza majina yako wapi. Nimemweleza kwa upole kwamba yote ni sahihi. Kauliza tena. Nimemhakikishia kwamba yamekaguliwa yote, hakuna hata moja lililopita kimakosa. Kakaa chini bila kutafuta kiti.

Eustakio kachomoa daftari kwapani, kapiga picha kurasa sita, kazituma wilayani kwa simu. Saa nne kasoro dakika mbili. Vigelegele! Kwa daftari! Ukatibu kabaki nao. Mimi niliyejenga mfumo, hata soda sikupewa.

Jumapili, 18 Januari

Haki imerudi! Wilayani wamesema daftari lina namba za simu mbovu. Zirekebishwe kesho kabla ya saa nne, maana ujumbe wa kuchukulia mbegu unakuja kwa simu. Bi Mwamina kaniletea daftari mwenyewe. Nikizibaini, ukatibu utajadiliwa upya!

Nimeingiza zote, moja moja. Nyekundu 23! Asilimia 23.96! Sikuweka hata alama ya kalamu daftarini, mimi si mtu wa kuchafua vitabu vya watu. Nimekimbia kwenye kikao nikamtangazia Eustakio mbele ya wote: makosa ishirini na matatu, kaka!

Bi Mwamina kauliza ni zipi.

Nimemwambia ni ishirini na tatu.

Kasema hiyo kasikia, Rogath, baba, lakini ishirini na tatu zipi. Bibi Koleta kauliza kama mimi na kompyuta tumezaliwa mwaka mmoja. Eustakio kalichukua daftari, kaanza kuhesabu tarakimu kwa kidole, mstari kwa mstari. Kazipata zote jioni hiyohiyo. Ishirini na tatu kamili! Yaani kathibitisha hesabu yangu, na bado ukatibu ni wake.

Sina kinyongo. Kasoro nimeiona mwenyewe: nyekundu yangu ilikuwa imepauka, watu hawakuitia maanani. Nimeikoleza. Kijiji cha Nandagala wanaandikisha mwezi ujao, wakulima 310. Nimeshawapigia. Nimewaahidi hakuna namba hata moja itakayoibiwa.